Atieno Hakuwa Nguzo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu wa shule moja ya sekondari karibu na Kendu Bay alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni, na kabla sijaketi alikuwa ameshaamua mimi ni nani. Nilikuwa nimetumwa pale kufundisha Kiswahili na michezo, na mchezo niliousomea ulikuwa mpira wa kikapu. Lakini mimi ni mfupi, mnene kiasi, na ni mwanamke.

"Madam," akasema, "hapa kocha wa kikapu ni mwanamume. Wewe utashika netiboli na kwaya."

"Kwaya siijui, mwalimu."

"Utaijua."

Nikaijua. Netiboli nayo nikaishika, na timu yangu haikuniaibisha. Ila kila jioni, nikishamaliza na wasichana wangu, nilikwenda kuketi karibu na Mkuu wa Michezo, mzee mkimya aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Yeye ndiye aliyekuwa kocha wa kikapu. Hakunifukuza wala hakunikaribisha. Siku moja alisema bila kunigeukia, "Usiangalie mpira. Kila mtu anauangalia huo. Angalia yule ambaye hana mpira, anafanya nini." Sikupata mafunzo mengine ya maana kwa mwaka mzima, na sijui kama niliyahitaji.

Kutoka hapo nikahamishiwa Homa Bay mjini. Huko nilipewa kikapu kwa sababu kocha wake alikuwa amehama na hakuna mwingine aliyekitaka. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikapelekwa kuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu upande wa Migori, na huko ndiko nilikofanya kazi ninayojivunia mpaka leo.

Ninyi vijana mnaosoma haya mmezoea viwanja vya saruji na mistari ya rangi. Uwanja wetu ulikuwa wa murram, ule udongo mwekundu wenye changarawe. Ukianguka, goti linabaki na ushahidi. Vikapu vilichomelewa na mafundi wa jua kali pale mjini, kimoja kikainama kidogo upande wa kushoto, nasi tukakizoea hivyo hivyo. Mistari tuliichora kwa majivu ya jikoni, na mvua ikinyesha tulichora tena. Majivu yenyewe yalitoka kwa Min Akelo, yaani Mama Akelo, mpishi mkuu wa chuo, na kwa sababu hiyo Min Akelo alijiona mwenye nusu ya uwanja. Alikuja kila jioni na kigoda chake, mwiko bado mkononi, akatoa maoni yake kwa sauti ya kugawa ugali.

Mwenzake alikuwa Jaduong' Owuor, yaani Mzee Owuor, fundi wa baiskeli aliyekuwa na kibanda nje ya ua wetu. Waendesha boda boda wa siku zile walitumia baiskeli, kwa hiyo mzee huyu hakukosa kazi, lakini tukianza mazoezi baiskeli zote zilingoja. Hao wawili ndio waliokuwa vichwa vya mashabiki wetu. Nyuma yao walikuwa wachuuzi wa sokoni, madereva na wanafunzi, na hakuna aliyethubutu kumsifu mchezaji kabla wao hawajasema.

Kumsifu kwenyewe kulikuwa na utaratibu. Waluo wana desturi ya pakruok, yaani mtu anasimamisha muziki katikati ya sherehe ili ajitaje au amtaje mwingine kwa majina ya sifa. Mashabiki wetu waliileta desturi hiyo uwanjani. Mchezaji mpya akija, walimkagua siku kadhaa, wakabishana, kisha Owuor alisimama, akanyamazisha ngoma na filimbi, akatoa jina. Tangu hapo mchezaji ni jina hilo. Na aliyelitoa ndiye peke yake aliyeweza kuliondoa, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona likifanyika.

Atieno alitufikia kutoka Mbita kwa kiti cha michezo, yaani nafasi ya masomo anayopewa mtu kwa sababu ya mchezo wake. Mkuu wa Chuo, mtu wa tai na maneno machache, alikuwa na wasichana wengi wenye alama kama za Atieno, na nilimwomba achukue huyu kwa ajili ya kikapu. Alikubali kwa shingo upande.

"Nitaona Homa Bay," aliniambia, akimaanisha mchezo wetu na chuo cha huko, ambacho kilikuwa kimetufunga kila mara. "Kama huyu msichana hasaidii, mwalimu, usirudi hapa kuniomba kiti kwa sababu ya mpira. Sitampa mwingine tena."

Nilijua wasichana kama Atieno wako wangapi kando ya ziwa kule kwao Mbita. Maneno yale yalinikaa.

Alipoingia uwanjani mara ya kwanza, mashabiki walinyamaza wenyewe. Alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi wa chuo. Nilisikia mjadala wote kwa sababu hawakujaribu kuuficha.

"Huyu ni wa chini ya kikapu," Owuor akasema. "Asimame pale, mpira umfuate."

"Mikono unaona?" Min Akelo akajibu. "Hiyo ni mikono ya ribaundi." Ribaundi ni ule mpira unaogonga ubao au chuma na kurudi, na mwenye mikono mirefu huudaka kabla ya wengine.

"Lakini ni mwembamba, mama. Wale wa Homa Bay watamsukuma."

"Mwezi mmoja kwa ugali wangu, nani atamsukuma?"

Mimi nilifanya kama nilivyofundishwa, sikuangalia mpira. Nikaona kwamba Atieno, asipokuwa na mpira, alikuwa akigeuza kichwa kuwatafuta wenzake, kila mmoja yuko wapi. Akipata mpira, ulikuwa umeshatoka mkononi kabla wewe hujaamua uende wapi. Boke, msichana wetu mfupi kutoka Kuria mwenye shabaha kali, alishtuka mara ya kwanza mpira ulipomfikia kifuani bila kuuita. Nilimuuliza Atieno alijifunzia wapi. Akasema mama yake anauza samaki ufuoni, naye tangu utotoni kazi yake ilikuwa kuwachambua kwa ukubwa, akiwarusha kila mmoja kwenye beseni lake huku akiongea na wateja.

Nikajua nimepata gadi. Gadi ndiye anayeupandisha mpira kutoka nyuma na kuamua nani aupate. Siku hizo nafasi hiyo ilikuwa ya wafupi wenye mbio, na mrefu alipelekwa chini ya kikapu bila kuulizwa. Lakini gadi anayeona juu ya vichwa vya watu wote, nani atamfunika?

Kabla sijamwambia mtu, Owuor alisimama, akainua mkono, ngoma zikanyamaza.

"Nyar Mbita," akasema, "binti wa Mbita! Kuanzia leo wewe ni Siro!"

Siro ni nguzo ile inayoshika nyumba katikati. Watu walipiga vigelegele, Atieno akainamisha kichwa kwa furaha, nami nikakasirika nikashindwa hata kupuliza filimbi.

Kwa sababu nguzo haitembei. Nilimfundisha kudunda mpira na kuupandisha, akanitii mazoezini asubuhi, mashabiki wakiwa hawapo. Jioni wakija na kuanza kuita Siro, Siro, miguu ilimpeleka chini ya kikapu, akasimama huko. Nilipomkemea alisema, "Madam, wamenipa jina. Nikitoka pale nitakuwa nimewatukana." Nami sikuweza kumwambia anakosea. Angeonekana anawadharau wazee, na yeye alikuwa amelelewa vizuri.

Nikaenda kwa Owuor. Nikamkuta anaziba tairi.

"Jaduong', lile jina linamfunga mtoto. Liondoe."

Hakuinua macho. "Mwalimu, wewe una vitabu vyako. Mimi nimeona mipira ya watu wengi. Msichana mrefu hivyo apande na mpira kama nani? Wataunyang'anya."

"Hawataufikia."

"Tutaona Homa Bay," akasema. Kila mtu alikuwa ananiambia tutaona Homa Bay.

Tulikwenda kwa lori la chuo, wachezaji na mashabiki pamoja, Mkuu wa Chuo mbele na dereva. Uwanja wao ulikuwa mzuri kuliko wetu na watu wao walikuwa wengi. Na mambo yalikwenda kama nilivyoogopa. Kuna sheria katika kikapu kwamba mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu ndani ya eneo lililo mbele ya kikapu. Atieno alisimama pale kama jina lake lilivyomtaka, refa akapuliza. Akasimama tena, refa akapuliza tena. Alipotoka nje ya mstari, wasichana wawili wenye mabega walimkaba mpaka hakuonekana ila nywele. Mashabiki wa Homa Bay wakaanza kuimba siro, siro, kwa dhihaka. Ikafika nusu ya mchezo tukiwa nyuma, na Mkuu wa Chuo alikuwa akitazama viatu vyake.

Mapumzikoni kocha huongea na wachezaji. Mimi niliwaacha wachezaji na maji yao, nikatembea moja kwa moja hadi kwa Owuor.

"Umeona Homa Bay," nikamwambia. "Sasa liondoe."

"Mbele ya hawa?" Akawaonyesha kwa kidevu. "Watanicheka mpaka nizeeke."

"Wakucheke wewe. Wakiendelea kumcheka Atieno, yule bwana wa tai hatachukua msichana mwingine kutoka ufuoni. Ameniambia mwenyewe."

Owuor akageuka. Akamtazama Atieno, aliyekuwa ameketi na taulo usoni. Min Akelo akakohoa.

"Mzee," akasema, "simama. Usiposimama, Jumatatu chai utakunywa kwako." Owuor alikuwa akinywa chai ya jikoni kwetu kila siku kwa miaka.

Akasimama. Akatembea mpaka kwenye mstari wa pembeni, akainua mkono, na ngoma zetu zikanyamaza. Za Homa Bay pia zikanyamaza, kwa sababu na wao ni Waluo na wanajua mkono ule unamaanisha nini.

"Siro nimechukua," akasema. "Nilimpa mtoto jina kabla sijamwona akicheza. Kosa ni langu. Nyar Mbita, sasa huna jina. Cheza vile mwalimu wako amekuambia."

Walimcheka, ndiyo. Mtu mmoja alipiga mluzi mrefu. Owuor alirudi kuketi, akafunga mikono kifuani na kuvumilia, na nikampenda mzee yule siku ile kuliko siku zote.

Atieno alisimama, akanitazama. Nikamwambia, "Lete mpira mwenyewe." Akauleta. Msichana wao mfupi alikwenda kumkabili, akawa anarukaruka chini ya kidevu chake, na Atieno akapeleka macho juu yake kama anatafuta mabeseni. Mpira ukamfikia Boke upande wa kulia, Boke akatupa, ukaingia. Walipomhamia Boke, mpira ukaenda kwingine. Hawakujua wamkabe nani. Polepole tukawafikia, na mwishoni kabisa Atieno alimrushia Boke pasi kupitia katikati ya watu ambao naapa hawakuwa wameacha nafasi, na Boke akamaliza. Tuliwashinda kwa kikapu kimoja. Min Akelo alilia waziwazi na mwiko wake, kwa maana alikuwa ameubeba mpaka Homa Bay.

Njiani lori liliposimama, Mkuu wa Chuo aliniita mbele.

"Mwaka ujao unataka viti vingapi?"

"Viwili."

"Nitakupa kimoja."

"Asante," nikasema. Nilikuwa nimetaka kimoja.

Kiti hicho kilibaki miaka yote niliyokuwa pale, hata wakuu wengine walipokuja. Wasichana waliokikalia leo ni walimu Mbita, Rusinga, Kuria na kwingineko. Atieno mwenyewe anafundisha, na timu yake imewahi kuifunga ya chuo chetu, jambo alilolifurahia kupita kiasi. Mashabiki nao waliendelea kukagua na kubishana, ila Owuor hakutoa jina tena mpaka mchezaji amalize muhula, na kabla ya kulitoa alikuja kuniuliza anacheza wapi.

Nilipostaafu chuo kilinifanyia sherehe. Palikuwa na mpiga nyatiti, kile kinubi cha Waluo, hotuba nyingi, na blanketi la zawadi. Miaka yote hiyo nilikuwa Madam au Mwalimu tu, kwani majina yalikuwa ya wachezaji. Katikati ya muziki Owuor akanyanyuka, mzee sasa, akishikwa mkono na Min Akelo. Akainua mkono wake. Nyatiti ikanyamaza, na watu wote wakangoja kusikia ataniita nani.

"Jina sina," akasema. "Nilijifunza kuuliza kwanza. Mwalimu, wewe unataka tukuite nani?"

Nilimkumbuka yule Mwalimu Mkuu wa Kendu Bay na macho yake viatuni mwangu.

"Kocha," nikasema.

"Kocha," Owuor akarudia, akaushusha mkono, na nyatiti ikaendelea.