Kambale Niliyemchagulia Mdogo Wangu

Nilimwonea mdogo wangu wivu kwa sababu ya sanduku la kioo lenye maji. Nasema mapema ili nisijifiche nyuma ya maneno mazuri. Alilileta kutoka Uvira limezungushiwa blanketi, akaliweka sebuleni kwake hapa Baraka, akalijaza maji ya ziwa na vile visamaki vya rangi ambavyo sisi tulizoea kuvirudisha majini kwa kuwa havitoshi mboga. Tangu siku ile baba yetu akanihama.

Hakuhama na mizigo. Baba alivua samaki huko Ubwari mpaka miguu ilipomkatalia kupanda mtumbwi, na kila Jumapili akitoka kanisani alikuja kwangu, akala ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, akasifu pilipili yangu, akasinzia kitini. Sasa alipita mlangoni, akanipungia fimbo, akaendelea zake kwa mdogo wangu. Alisema maisha yake yote ameona samaki wakifa, na sasa anataka kuwaona wakitafuna. Jumapili tatu nilimpikia, na Jumapili tatu nikala peke yangu nimenuna.

Halafu maji ya mdogo wangu yakaanza kunuka. Makombo yalikuwa yanazama na kuozea mchangani, na mtu mmoja akamshauri atafute samaki wanaokaa chini, wayaokote. Akaenda sokoni kuomba "samaki ya chini". Sokoni kwetu samaki ya chini ni zile za chini ya beseni, zilizolegea, ambazo muuzaji huzifunika kwa zile nzuri. Mama wa watu alidhani anatukanwa, akamwuliza mbele ya wateja wote ni lini alimkuta akificha samaki mbovu. Mdogo wangu alinisimulia huku machozi yakimlengalenga, nami nikacheka mpaka nikashika mbavu. Kicheko chenyewe hakikuwa safi.

"Yaya, we njo unajua ziwa," akasema, yaani mimi mkubwa wake ndiye ninayelijua. "Unichagulie."

Ni kweli nilijua. Yeye alipopelekwa shule Uvira, mimi nilibaki na baba mtumbwini, na hilo nalo lilikuwa bado linanikaa rohoni. Nilijua visamaki vidogo kuliko kidole vinavyoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Ungeviwekea makombe machache juu ya mchanga, vikakaa pale vikidonoadonoa bila kumgusa jirani. Hivyo ndivyo vilivyofaa. Nilimjua pia kambale wa matope ya mto Mutambala. Akiwa wa urefu wa kiganja anaonekana mpole, anapitapita chini na sharubu zake akizoa kila kitu, na kila kinachoenea mdomoni anakimeza, kikiwa hai au kimekufa.

Nilimpelekea kambale. Nilimbeba Jumanne ndani ya dumu la bidoni lililokatwa, nikammimina mwenyewe, na mdogo wangu akanikumbatia. Nilirudi nyumbani nikiimba. Nilijiambia kwamba kioo kikibaki kitupu baba hatakuwa na cha kutazama.

Jumapili nilipika kama kawaida. Baba alipita kama kawaida, lakini haikuchukua muda nikasikia fimbo yake inarudi. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikapakua haraka nikavuta kiti. Yeye akabaki amesimama.

"Ile kambale, we njo uliichagua?"

Nilimjibu kwamba mdogo wangu aliomba samaki wa chini.

"Mi mwenyewe nilikufundishaka vile kambale inakulaka," akasema taratibu. "Inabakia samaki mbili tu. Mudogo wako iko analia, anasema njo yeye aliua samaki zake na maji mubaya. Na anasema nisikusumbue, juu ulichoka kumutafutia."

Nilikuwa nimeandaa uongo wa aina mbili. Badala yake likanitoka lile lililokuwa linanichoma. Nilimwambia kwamba alinihama, kwamba nilipika Jumapili baada ya Jumapili, kwamba mdogo wangu alipewa shule, na sasa amepewa hata baba.

Baba aliangalia sahani, kisha akakaa, akanawa mikono, akala. Alikula yote, polepole, nami nikiwa nimesimama mbele yake. Pilipili hakuisifu.

"Nimekula," akasema alipomaliza. "Sasa tuende, umuambie we mwenyewe."

Tulitembea, yeye ameniegemea begani. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na kila nililolipanga lilianza na kujitetea. Mdogo wangu alifungua mlango akiwa na ndoo mkononi na macho mekundu. Aliponiona, uso wake ukafunguka.

"Yaya," akasema, "umekuya kunisaidia."