Nzi wa Lango la Pareto

Zamani kibanda cha chai cha Kuluthum, mbele ya lango la kiwanda cha pareto hapa Nakuru, hakikuwa na nzi. Wateja walimsifu kwa usafi, naye akafaidi sifa za bure. Ukweli aliujua. Mumewe, Nasir, alisimamia mashine ya kusaga maua, na vumbi la maua hayo, dawa ya kuua wadudu, lilimganda hadi kwenye nyusi. Akiketi tu kwenye ncha ya benchi anywe chai, nzi walianguka chali mbele yake. Wenzake walimbatiza Dawa.

Kisha kiwanda kikafungwa. Wakubwa wakasema ni mashine tu zimezimwa. Mashine tu, eti! Kule Kuresoi wakulima waling'oa pareto wakapanda viazi, malori yakaacha kuja, fundi viatu akahama. Kuluthum, aliyezoea kukanda unga wa shifti nzima, akabaki na chapati za kubahatisha. Nasir alikonda kwa kukaa bure, na mwaka haukuisha wakamzika. Nzi wakarudi, tele.

"Mama, funga hiyo kibanda ukuje tukae kwangu Free Area," bintiye Farhiya alimsihi. "Hiyo kiwanda haifunguki."

"Ngoja mwezi uishe. Ikifunguka nisipokuwepo, nani atalisha wafanyikazi?"

Siku ya mwisho ya mwezi, asubuhi, Kuluthum alikuta nzi wamelala chali mezani, mbele ya ncha ya benchi. Akawapangusa. Wakaanguka wengine. Moyo ulimruka: vumbi limerudi hewani! Akafungua unga wote aliokuwa nao, akakanda kama zamani, kisha akakimbilia langoni mikono ikiwa na unga.

"Micah, mmewasha lini?"

"Kuwasha nini, mathe?" Bawabu alishangaa, akamfungulia ajionee. Mashine zilikuwa kutu tupu, na njiwa wametaga ndani yake. Hakukuwa hata na harufu.

Alirudi kibandani. Nzi walikuwa wamejaa kwenye donge la unga aliloliacha kando ya jiko, wazima, wakivuma. Ni kwenye ncha ya benchi tu, pale alipozoea kuketi Nasir, na mbele yake mezani, walikokufa. Mmoja alizunguka pale, akatua, akaanguka. Kuluthum alipapasa ubao. Ulikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Aliogopa, na alifurahi, na machozi yakamtoka. Simu ikalia.

"Mama, nikuje nikuchukue?"

"Kuja kesho," alisema, akimimina chai kikombe kimoja. "Leo niko na mteja."