Mtoto Asiyeogopa King'ora

Mdogo wangu wa kike alizaliwa Likasi, baba akifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba. King'ora cha zamu kililia karibu na nyumba zetu, na watoto wachanga wa kambi ya wafanyakazi walishtuka wakalia nacho. Mdogo wangu alilala tu. Kambini kwetu hiyo ilikuwa sifa. Mtoto asiyeogopa king'ora ndiye mtoto halisi wa Kampuni, na majirani walikuja kumpongeza mama.

Mama mdogo alitutembelea kutoka kijiji cha wavuvi kwenye ziwa Tshangalele na binti yake wa umri uleule. King'ora kilipolia, yule mtoto mgeni alipiga mayowe. Jirani yetu alicheka.

"Huyu wako ni mutoto wa samaki," alimwambia. "Angalia mwenzake. Hana meno, lakini iko kapita tayari, mukubwa wa kazi."

"Muache alie, yaya," mama mdogo alijibu, akimheshimu kama dada mkubwa. "Kwetu tunasikiaka maji tu."

Mtoto wa samaki alianza kusema. Wetu hakusema. Bibi akatutuliza kwamba hata baba alikawia kusema, nasi tukangoja. Tulikuwa tumeshahamia mtaa wa Kikula, na mdogo wangu ameng'oka meno ya utoto, mtawa mmoja alipopiga makofi nyuma ya kichwa chake. Hakugeuka.

Miaka mingine ikapita kabla parokia haijapata kifaa cha kusikilizia. Mama alivaa kitenge kipya siku hiyo. Alisimama nyuma ya binti yake, akamwita. Binti akageuka, na mama akalia kwa furaha. Alitaka kitu kimoja tu: kuitwa mama.

Kila jioni, mbele ya mbabula, huku makaa yakishika, alirudia, "Ma-ma." Mdogo wangu alitazama midomo, akaiiga, ikatoka sauti kama ya mtu aliyeumia. Sauti zetu zilimfikia kama mvua juu ya bati inavyotufikia sisi: unaisikia, haikuambii kitu. Mwishowe alikivua kifaa, akakiweka kabatini kwa upole.

Nilipokuwa mwalimu ndipo nilipoelewa, na nikamweleza mama kwa matofali, kwa kuwa matofali ya nyumba yetu ya Kikula tuliyafyatua wenyewe. Udongo mbichi hukubali kila alama, hata ya mguu wa kuku. Ukikauka haukubali tena. Si ukatili wa maumbile: tofali lisilokauka halibebi ukuta. Akili ya mtoto nayo huwa laini kwa ajili ya lugha, kisha hukauka ili mtoto ajenge juu yake. Kwa hiyo wewe mwenye mtoto mchanga, piga makofi nyuma yake leo. Akiwa hasikii, mpe lugha ya mikono mapema. Udongo bado ni mbichi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Basi nilifurahia usingizi wake," alisema.

Nilimwambia kambi nzima ilifurahia.

Siku tuliyomzika mama, wanawake walilia, "Mama, mama." Mdogo wangu alisimama kando ya kaburi, akagusa fundo la kitenge kifuani pake, mara mbili, taratibu. Tangu utotoni, akimtaka mama, akiwa na njaa au homa, aligusa pale, na mama alikuja kila mara. Miaka yote hiyo mama alikuwa akiitwa. Hakuna aliyemwambia kwamba lile nalo ni neno.