Koti la Kinyozi Jukwaani

Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Filimbi. Kazi yake udobi. Akishika pasi tu, anaimba, na sauti ikipanda, wapita njia husimama mlangoni wakitafuta redio iko wapi. Mama yake pekee ndiye hakuwahi kuvutiwa. "Punguza, mwanangu, utatuvunjia vikombe," ndiyo sala yake tangu binti akiwa mdogo.

Kinyozi wa duka la jirani, mwenye sauti nzito kama anayesemea ndani ya mtungi, ndiye aliyemvuta kwenye kundi lake la waimbaji. Walikuwa wanne. Walichukua nyimbo za mapenzi za redioni wakaziimba kiopera, vifua mbele, sauti zimejaa, lakini mdundo uleule wa kuchezesha mabega. Waliocheka walicheka, ila chema chajiuza. Filimbi alipewa kuimba noti ya mwisho, ya juu kuliko zote. Mazoezi yalifanyika dukani kwake, yeye akinyoosha nguo za wateja, na noti haikumkatalia hata mara moja.

Siku ya onyesho la kwanza, mama alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, uso wa mtu aliyekuja kuhesabu vikombe. Filimbi alitaka jambo moja tu: mama aisikie ile noti, akubali. Wimbo wa kwanza ukaanza, na sauti ikamtoka nyembamba kama uzi. Mikono ilimning'inia tu, hajui aiweke wapi.

Wimbo ulipoisha, kinyozi akamsogelea. "Dada, vipi tena?"

"Mikono, kaka. Sijawahi kuimba mikono mitupu."

Kinyozi akavua koti, akasogeza maua yaliyokuwa mezani pale jukwaani, akalitandaza. "Basi nipigie pasi. Limejikunja kweli."

Ukumbi ukaangua kicheko. Filimbi naye akacheka, akaweka kiganja kwenye ukosi, akaanza: kwenda, kurudi, kwenda, kurudi. Wenzake wakaingia na wimbo wa pili. Noti ilipofika aliipanda bila kuitafuta, ikasimama peke yake juu kabisa, na watu wakainuka vitini kwa makofi.

Mama akapanda jukwaani. Hakumkumbatia. Alilishika koti, akalipindua huku na huku.

"Mkono wa kushoto hujaumaliza," akasema, machozi yakimtiririka. "Hebu rudia, mwanangu. Na usipunguze."