Lakiri ya Redio ya Ruangwa

Siku ya kwanza kazini nilisimama nje ya mlango karibu nusu saa, naona haya kubisha. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, nimetoka kumaliza kidato cha nne, na mradi mmoja wa mbegu pale Nachingwea, ambao siku hizi haupo, ulitafuta mtu wa redio ya upepo. Ninyi vijana wa kompyuta mngeicheka: boksi la chuma, betri ya gari, na kipaza sauti unachobonyeza ukisema, unaachia ukisikiliza.

Mkuu wa Mawasiliano alikuwa mtu wa kuja, suruali imenyooka kwa pasi. Fundi hasa, sikatai. Lakini hakumfundisha mtu. Redio ikizima alitutoa nje, akaitengeneza peke yake, kisha akaziba skrubu kwa lakiri ya risasi, muhuri usiofunguka bila kukatwa, ajue nani kagusa. Siku moja nikajikaza kumuuliza mle ndani mna nini.

“Mna mke wangu,” akasema. “Unataka kumwona?”

Ofisi nzima ikacheka. Sikuuliza tena. Nikawa nachungulia dirishani na kuandika kwenye daftari langu. Ndivyo nilivyoijua fyuzi: kipande cha kioo chenye uzi mwembamba unaokatika umeme ukizidi. Unachomoa, unachomeka nyingine. Basi. Ndiyo siri yenyewe.

Mwaka wa pili nilihamishiwa Ruangwa, kituo cha mtu mmoja. Asubuhi moja ya masika mganga wa zahanati alikuja na mkulima wa korosho wa Mbekenyera. Mke wa huyo bwana alikuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto kakaa vibaya. Waliomba niite gari Nachingwea. Nikabonyeza. Kimya. Nilijua ni fyuzi, na ya akiba imo humohumo ndani. Bisibisi iko mezani. Nikaitazama lakiri.

“Fungua basi, dada,” yule mume akasema.

“Siruhusiwi.”

“Sasa umewekwa hapa wa nini?”

Mganga akapanda baiskeli hadi Nanganga kuomba lori. Lilifika jioni. Mama alipona. Mtoto alizaliwa amekufa.

Mkuu alikuja kesho kutwa yake. Aliikagua lakiri kabla hajanisalimia, akatabasamu.

“Wewe ndiye mfanyakazi,” akasema. “Hukugusa.”

Mpaka leo hilo linanichoma kuliko matusi yake yote. Alinisifu. Nami, niseme kweli, nilimshukuru.

Miaka ya themanini nikapewa cheo chake. Nilikata lakiri zote, nikawaketisha wenzangu, kila mmoja akafungua na kufunga mpaka mkono ukazoea. Wakubwa wakalalamika kwamba nalegeza nidhamu. Walalamike. Leo naona maofisini kwenu mkuu wa kompyuta anaficha nywila kichwani mwake. Akishikwa na malaria, ofisi nzima inakaa kumsubiri apone. Eti kiongozi. Huo ni uchoyo, na kuna watu unawaua.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, ofisa kutoka makao makuu alinisifu kwa utii wa miaka yote, watu wakapiga makofi. Mimi hadharani huwa siongei. Nikasimama.

“Siku moja nilitii kweli,” nikasema. “Mtoto akafa.”

Nikakaa.