Kilo Mia Moja na Nne Nyuma ya Felista

Kuna mambo mtu ni bora ayasimulie mwenyewe kabla hajasimuliwa, maana hili la kwangu nimeshalisikia pale sokoni Ifakara nikiwa nimekaa hapohapo na kikombe changu cha chai, na msimuliaji akaongeza kwamba nililia machozi, jambo ambalo si kweli (macho yaliingia vumbi). Kwa hiyo acheni niseme mimi, Deo, dereva wa bajaji na katibu wa umoja wa madereva wa kijiwe chetu, mwanaume wa miaka arobaini na sita, baba wa watoto wanne, mwenye akili timamu siku nyingi za mwaka.

Kijiweni kwetu tuna mashindano. Kila mpunga ukishavunwa na majaruba yakakauka, tunatoka na bajaji zetu mpaka kwenye barabara ya udongo ya upande wa Namawala, tunapanga mzunguko wa kupita kandokando ya mashamba, na atakayezunguka mara tatu na kufika wa kwanza ndiye mshindi. Zawadi yenyewe si kikombe wala mbuzi. Mshindi anakaa wa kwanza kwenye foleni ya kijiwe kila alfajiri, mwaka mzima, mpaka mashindano mengine. Asiyeendesha bajaji anaweza kuona hilo ni jambo dogo, lakini abiria wanaposhuka kwenye basi la kwanza na mizigo yao, wa mbele ndiye anayeondoka nao, na wewe wa nane unabaki kupiga miayo na kusoma maandishi ya nyuma ya bajaji ya mwenzako.

Na maandishi niliyoyasoma mimi kwa miaka mitatu mfululizo yalikuwa "Taratibu Tu". Hiyo ni bajaji ya bluu ya Felista, mama mmoja wa upande wa Mahenge, mpole, asiye na maneno mengi, ambaye kazi yake kubwa ni kubeba wagonjwa na wajawazito kutoka vijijini. Mwaka wa kwanza alipotufunga tulisema ni bahati. Mwaka wa pili tukasema kuna kitu. Mwaka wa tatu tukawa na uhakika kwamba kuna kitu, na mimi, niliyekuwa nimeshika nafasi ya pili mara mbili (na wa pili hapati chochote zaidi ya pole), ndiye niliyeongoza kusema injini ile si ya kawaida. Tukamwita fundi, akaifungua mbele yetu wote, akaitazama, akasema injini ni kama zenu, tofauti ni kwamba hii inasafishwa. Tukamwomba Felista radhi nusunusu, kwa namna ya watu ambao bado hawajaamini.

Mwaka huu nikaja na akili nyingine. Kwenye kikao nilisimama na daftari langu nikapendekeza kanuni mpya: bajaji iliyoshinda mara tatu mfululizo ibebe uzito wa kilo mia moja, ili wengine nao wapate nafasi. Sikutaja jina la mtu. Mwenyekiti wetu, Mzee Makwinya, ambaye aliendesha malori miaka mingi kabla ya kuja kwenye bajaji, alinigeukia.

"Katibu," akasema, "hii kanuni ni ya bajaji, au ni ya Felista?"

Nikamjibu kwamba ni ya haki. Nililisema neno hilo vizuri sana, nakumbuka, hata wawili watatu wakapiga makofi. Nilitegemea Felista angepinga, nikawa nimeandaa majibu yangu matano, lakini yeye akanyoosha mkono akasema anakubali, ila iandikwe kwamba uzito wowote unafaa mradi uwe wa kweli, asije akabebeshwa kilo mia mbili zikaitwa mia. Nikaandika hivyohivyo, kwa mkono wangu, na chini nikapiga mstari. Mzee Makwinya naye akaongeza lake: aliyetunga kanuni asishindane mwaka huo. Nikakubali haraka, maana bajaji yangu ingeendeshwa na shemeji yangu Nolasco, kaka wa mke wangu, na nafasi ya mbele ingeingia nyumbani kwetu vilevile.

Siku yenyewe watu walijaa kwenye tuta la mfereji kama wanasubiri mgeni wa serikali. Mke wangu, Mama Esta, alikuja na wenzake wa jumuiya wapatao kumi, wamevaa vitenge vya sare, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimewatangazia tangu Jumapili, baada ya misa, kwamba mwaka huu waje waone. Kazi yangu ilikuwa kuleta viroba viwili vya mchanga, kila kimoja kilo hamsini. Njiani kimoja kikapasuka, nikakijazia kwa kukisia, na kusema kweli sikukisia kwa kupunguza. Felista akakiinua kidogo tu, akakishusha, akasema hicho kimezidi. Mzani wa karibu ulikuwa kwenye mashine ya mpunga, mbali. Basi ubishi ukaanza, huyu anasema kiondolewe mchanga, yule anasema kiasi gani, mwingine anasema mwenye kupunguza asiwe katibu, na jua linapanda, na madereva wameanza kuzima injini, na nikasikia mtu anasema tuahirishe mpaka wiki ijayo. Kuahirisha maana yake Felista anaendelea kukaa mbele. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu, mdogo tu, wa sekunde moja.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimekwenda kupimwa presha, na muuguzi akanipandisha kwenye mzani, akaniandikia kikaratasi, akanisihi nipunguze mafuta ya kula. Kikaratasi kilikuwa kwenye mfuko wa shati. Nikakitoa, nikakiinua juu ili wote wakione (mke wangu sikuwa nimemwonyesha), nikasema mzani wa hospitali haudanganyi, mimi hapa ni kilo mia moja na nne, nitakaa nyuma mwenyewe. Moyoni nilijiona mjanja mara mbili: nimemwongezea kilo nne, na nitaona kwa macho yangu hiyo siri yake iko wapi.

Watu walishangilia. Nikaingia, bajaji ikashuka chini kama ngamia anapopiga magoti, watu wakashangilia tena. Felista hakucheka. Aliniambia nikae katikati na nishike chuma.

Bendera ilipoangushwa, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, maana bajaji saba zilitupita kama tumesimama. Nolasco alikuwa mbele ya wote, na alipotupita alinipungia mkono, nami nikampungia, nimekaa kwenye kiti cha abiria kama bwana mkubwa anayepelekwa kukagua ushindi wake. Furaha hiyo ilidumu mpaka kona ya kwanza.

Mnajua bajaji tupu ikiingia kona kwa kasi gurudumu moja la nyuma linanyanyuka, ndiyo maana wote tunapunguza, mimi nikiwemo. Felista aliachia mafuta mapema, mapema sana, hata nikadhani imezimika, halafu akaingia kona ya kulia bila kugusa breki kabisa. Gurudumu la kulia likanyanyuka. Nikaliona jaruba la kushoto linanijia usoni, na mwili wangu, bila kuniuliza, ukajirusha wote upande wa kulia, nusu yangu ikawa nje. Bajaji ikakaa chini ikatulia kama imewekewa mkono begani. Tukawapita wawili hapohapo.

Felista akanitazama kwenye kioo.

"Hivyohivyo, kaka Deo," akasema.

Kona ya pili ilikuwa ya kushoto, nikaenda kushoto. Sikumtii yeye, niliitii roho yangu. Mbele kidogo kuna mahali mfereji unavuja na barabara ina tope la kuteleza, na hapo bajaji za wenzetu, kwa wepesi wao, zilikuwa zinazungusha matairi palepale kama zinasaga unga, na sisi kwa uzito wangu tukapita tukishika ardhi vizuri, pale katikati ya tope tukampita Nolasco. Sikumpungia. Yeye alinitazama kwa macho ambayo nimeyaona mara moja tu maishani, siku nilipokwenda kwao kuposa.

Raundi ya pili kona ya watu wengi, pale kwenye tuta, Felista aliingia kwa kasi zaidi kwa kuwa sasa alikuwa na imani na mimi. Nilining'inia nje, tumbo limelala kwenye ubavu wa bajaji, shati limepanda mpaka kifuani, na wakati tunapita mbele ya vile vitenge vya sare, mimi, katibu, nikapiga ukelele wa "Mama yangu nakufa". Mama yangu anaishi Mahenge na ana miaka themanini. Sijui nilitaka afanye nini.

Raundi ya tatu ndipo akili ikanirudia kidogo. Nikajiuliza, wewe Deo, unamshindisha nani? Nikaamua kona ya mwisho sitaegemea popote, nitakaa katikati kama mchanga, gurudumu linyanyuke, apunguze mwendo mwenyewe, Nolasco atukute. Nikakaza makalio, nikafumba macho. Bajaji ikaanza kunyanyuka. Nikavumilia muda wa nusu ya Salamu Maria, halafu nikajirusha nje kwa nguvu kuliko kona zote zilizotangulia, tukaikata ile kona kama imenyooshwa.

Felista alishinda kwa umbali ambao hajawahi kushinda. Nolasco aliingia wa pili baada ya mimi kushuka, kujipangusa na kutafuta kiatu.

Alipofika hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Makwinya, akamwamkia kwa adabu zote, kisha akaweka pingamizi: kanuni inasema uzito, na uzito ni kitu kinachokaa, na mimi sikukaa. "Gunia haliegemei, Mzee," akasema. Wenzake wakaitikia, na kweli hoja ilikuwa na miguu. Ubishi ukawaka upya. Mzee Makwinya akaomba daftari, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ile kanuni yangu, pamoja na maneno ya "uzito wowote mradi uwe wa kweli", na mstari niliopiga chini akautaja. Kisha akanigeukia, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mambo yote yameniangukia mimi.

"Katibu, uliegemea kwa kuwa alikuamuru, au kwa kuwa uliogopa?"

Nataka muelewe swali lile lilivyokuwa. Nikisema aliniamuru, Felista anaondolewa, Nolasco anakuwa wa kwanza, bajaji yangu inakaa mbele mwaka mzima, na mimi naonekana mwanaume aliyefuata maelekezo tu. Nikisema niliogopa, basi. Nilimtazama Nolasco, akanikazia macho. Nilimtazama Felista, alikuwa anafuta tope kwenye kioo chake kwa kitambaa, hanitazami wala haniombi kitu. Na alikuwa amesema "hivyohivyo", ningeweza kulishika neno hilo nikaligeuza amri. Lakini alilisema mimi nikiwa tayari nimeshaning'inia.

"Niliogopa, Mzee," nikasema. "Tena raundi ya mwisho nilijaribu nisiegemee, ili ashindwe, nikashindwa mimi."

Kikaanza kicheko ambacho naamini kilivuka mto pale Kivukoni. Mama Esta alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, na kitenge chake kipya. Mzee Makwinya mwenyewe alivua miwani. Alipopata pumzi akasema kwenye kanuni zetu hakuna mahali woga umekatazwa, kwa hiyo matokeo yanabaki, na katibu aandike. Nikaandika, na mwandiko wa ukurasa ule mpaka leo hausomeki.

Nolasco aliondoka na bajaji yangu bila kuniambia, kwa hiyo ikabidi nirudi mjini na Felista, kwenye kiti kilekile, na njia nzima watu wakinipungia na kuegemea kulia na kushoto. Nilikuwa nimeshaiona siri yake niliyoifuata, nayo haikuwa kwenye injini. Ni mkono wake ule wa kuachia mafuta mapema, wa mtu aliyezoea kumpitisha mjamzito kwenye mashimo bila kumrusha. Nikamwambia hivyo, na nikamwomba radhi, safari hii nzima. Alinijibu tulipofika mlangoni kwangu.

"Mwaka kesho endesha mwenyewe, kaka," akasema. "Ukinifunga, nitakaa nyuma yako kwenye foleni, wala hutanisikia."

Kikao kilichofuata nilipendekeza kanuni yangu ifutwe, na ikafutwa kwa kura zote. Nolasco hakuja kula kwetu kwa wiki tatu, na mke wangu anasema ana haki, huku akinipakulia wali kwa kijiko cha chai. Kijiweni sasa naitwa Kiroba, naitika. Nimeapa mambo mawili: sitaandika tena kanuni huku nikiwa na sura ya mtu mmoja kichwani nikaiita haki, na sitakaa tena nyuma kwenye bajaji ya mtu yeyote. Yangu ikiharibika natembea kwa miguu, na kwenye kona napita taratibu.