Watu Watatu wa Mashine ya Kahawa

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliishia darasa la nne, nikabeba magunia ya watu, na leo nina mashine yangu ya kukoboa kahawa hapa Kaisho. Wenye shahada zao wananiamkia shikamoo.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja likizo. Amefanya kazi viwandani Marekani, kisha Ujerumani. Tukiwa kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikamuuliza: nchi zote hizo zina viwanda, mbona Marekani ajira zinamwagika, Ujerumani zinadondoka tone tone?

"Shemeji, Marekani tajiri anakuchukua leo, kesho anakutoa, kwa hiyo haogopi kuchukua. Ujerumani kumtoa mtu ni shughuli, basi anafikiri sana kabla ya kumchukua."

"Basi mimi Mmarekani," nikamwambia. "Nikimtoa mtu, katoka."

Wiki hiyo jirani akafariki. Kwetu msiba ukitokea hakuna kazi mpaka mtu azikwe. Lakini lori la mnunuzi lilikuwa njiani! Nikawaambia watu wangu watatu wawashe mashine. Wakaenda kuchimba kaburi. Nikawafukuza wote, nikaleta vijana kutoka Nyakakika.

Kesho yake halikuingia gunia hata moja. Wakulima walipita na baiskeli zao mlangoni kwangu, wananichungulia, wanapeleka kahawa kwa mshindani wangu. Lori likaondoka tupu. Jioni akaja mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana.

"Mzee, mtu hafukuzwi kwa kwenda kuzika."

"Mashine ni yangu!"

"Ni yako. Na mama yako aliye kitandani humo ndani ni wako. Siku yake ikifika atabebwa na mashine?"

Nilimtukana. Lakini mama alikuwa anakohoa chumbani, na mwenyekiti alikuwa anamsikiliza.

Nikawarudisha wale watatu. Shemeji alicheka hadi akamwaga rubisi: "Kwa ugumu wa kumtoa mtu, Wajerumani hawakufikii!" Acheke. Nilikuwa nimepanga kuongeza watu wawili msimu ule. Sikuongeza, wala siongezi, na wasije vijana wa hapa kunililia kwamba hakuna ajira. Waende wakamlilie mwenyekiti.

Na hasara yangu? Faini ya chama, mbuzi na mapipa ya rubisi ya kuomba radhi, ujira wa wale watatu kwa siku walizokaa kwao, na nauli ya vijana wa Nyakakika: shilingi laki saba, elfu kumi na nane na mia tano.